Kompyuta ya gemu kutoka mtumba wa ofisini: mwongozo kamili

Ukipita Kariakoo, au Luthuli Avenue pale Nairobi, utazikuta zimepangwa moja juu ya nyingine: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Zimetumika ofisini ng'ambo miaka kadhaa, zikabadilishwa, zikaingia kwenye kontena. Wanunuzi wake wakubwa ni shule, maduka ya kuchapa na ofisi ndogo. Lakini kwa mtu anayetaka kucheza gemu na mfuko wake haujajaa, hapo ndipo pa kuanzia. Madabodi (bodi kuu), prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda), keisi na mara nyingi leseni ya Windows vinakuja kwa pamoja, tena vimeshafanya kazi pamoja kwa miaka. Kununua vipande vipya kimoja kimoja kunapendeza zaidi, ila kunamaliza fedha kabla hujafika kwenye kadi ya grafiki, na kadi hiyo ndiyo inayochezesha gemu.

Tatizo ni kwamba wengi huanza na prosesa. Muuzaji naye analijua hilo: "Kaka, hii ni i7!" Sawa, ni i7, lakini ikiwa imefungwa kwenye boksi jembamba lenye pawa saplai ya wati 180, hiyo ni i7 ya kuchapia barua. Utacheza nini leo na utaongeza nini mwakani ni mambo yanayoamuliwa na umbo la keisi na wati za pawa saplai. Prosesa unaweza kuja kuibadilisha jioni moja. Keisi na pawa saplai za kampuni hizi zimetengenezwa kwa vipimo vyao wenyewe, na hapo ndipo watu hukwama.

Kuhusu bajeti, bei hupanda na kushuka na dola, kwa hiyo nagawa kwa mafungu. Ukiwa na mafungu kumi, manne ni ya kompyuta yenyewe, manne ya kadi ya grafiki, moja la SSD (diski ya chipu, isiyozunguka), na la mwisho ni la RAM, pasta ya joto na nauli za kwenda na kurudi dukani. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda sana duniani baada ya viwanda kuelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde. Ukipata mashine ambayo tayari ina GB 16, mwongeze muuzaji kidogo uichukue.

Hatua ya kwanza: chagua boksi

Majina ya OptiPlex yanasomeka. Tarakimu ya kwanza ni daraja: 3 la chini, 5 la kati, 7 la juu. Tarakimu ya tatu inakuelekeza kwenye kizazi cha prosesa ya Intel: 7040 kwa kawaida ni kizazi cha 6, 7050 cha 7, 7060 cha 8, 7070 cha 9. Kwa HP EliteDesk 800, G1 ni kizazi cha 4, G2 cha 6, G3 ni cha 6 au 7, G4 cha 8.

Baada ya jina angalia umbo. Kuna tower, ambayo Dell huiandika MT. Kuna SFF, ile nyembamba inayolazwa. Na kuna Micro, ndogo kama kitabu. Micro iache kabisa, haina sloti ya kadi ya grafiki. SFF ina sloti, lakini inapokea kadi za kimo kifupi tu, ambazo ni adimu na huuzwa ghali kuliko ndugu zao wa kimo kamili. Chukua tower. Muuzaji akikuambia "zote ni sawa, hii inabana tu nafasi," mshukuru na uendelee kuulizia tower.

Sasa kizazi. Usishuke chini ya cha 4. OptiPlex 7010 yenye i5-3470 bado zinauzwa kwa bei ya kuvutia, lakini prosesa za kizazi cha 2 na cha 3 hazina maelekezo yanayoitwa AVX2, na yapo magemu mapya ambayo bila hayo hayawaki kabisa, hata uweke kadi gani. Kizazi cha 4 kinayo AVX2, ila kinatumia RAM ya DDR3 ambayo hutaweza kuhama nayo. Kizazi cha 6 ndiyo sakafu ninayoipendekeza: i5-6500 ina kori nne, RAM ni DDR4, na 7040 ina sloti ndogo iitwayo M.2 ya kuwekea SSD ya NVMe, aina yenye kasi zaidi.

Ukiweza kujibana zaidi, ruka hadi kizazi cha 8. i5-8500 ina kori sita. Halafu kuna suala la Windows: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 inaanza rasmi kizazi cha 8. Kuna njia za mlango wa nyuma za kuiweka kwenye mashine za zamani, lakini magemu ya mtandaoni hayaeleweki hapo. Valorant ukiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka). Kama hiyo ndiyo gemu yako, tofauti ya bei kati ya 7040 na 7060 inajilipa yenyewe.

Wapenzi wa mpira wana kipimo chepesi. EA Sports FC 24 ilipotoka, mahitaji yake ya chini yalikuwa i5-6600K, RAM GB 8, GTX 1050 Ti na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Yaliyopendekezwa yalikuwa i7-6700, GB 12 na GTX 1660. Mtumba wa kizazi cha 6 unazunguka hapo hapo: i5-6500 iko chini kidogo ya 6600K, na i7-6700 ndiyo yenyewe iliyopendekezwa.

Hatua ya pili: kukagua dukani

Nenda na flashi yenye CPU-Z, GPU-Z na CrystalDiskInfo, programu za kusoma prosesa, kadi ya grafiki na diski. Muuzaji mwenye mali safi hatakasirika.

Kwanza omba kufungua ubavu wa keisi. Angalia kapasita kwenye madabodi kama kuna iliyovimba kichwani, kutu kwenye bandari za USB, na vumbi lililoshikana na unyevu. Mashine iliyokaa pwani bila kiyoyozi huonyesha hili mapema. Hesabu sloti za RAM na uone zilizojaa. Soma lebo ya pawa saplai mwenyewe, usisomewe.

Kisha iwashe uingie BIOS (programu ya msingi ya madabodi): F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Ikikuomba nenosiri, simama hapo hapo. Mashine za ofisi hufungwa na idara za kompyuta, na bila nenosiri hilo hutaweza kubadilisha mpangilio wa kuwaka wala kuwasha Secure Boot. Muuzaji aifungue mbele yako, la sivyo chagua nyingine.

Ndani ya Windows, CPU-Z itakuonyesha prosesa halisi na kama RAM inafanya kazi kwa njia mbili. CrystalDiskInfo itakuonyesha saa ambazo diski imefanya kazi na afya yake. Diski ya kuzunguka iliyochakaa si sababu ya kuiacha mashine, kwa kuwa utaweka SSD, lakini ni sababu nzuri ya kuomba upunguziwe.

Jambo moja la mwisho. Baadhi ya pawa saplai za zamani na za bei rahisi zina swichi nyekundu nyuma yenye namba 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa kwenye 115. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 ikiwa hivyo, utasikia mlio mmoja tu. Ihamishie 230 kabla ya kuchomeka chochote.

Hatua ya tatu: kadi ya grafiki

Hapa ndipo penye faida na ndipo penye matapeli, kwa hiyo tulia.

Sloti ya PCIe ya x16, ile ndefu ya kadi ya grafiki, hutoa hadi wati 75 bila waya wowote wa ziada. Pawa saplai ya OptiPlex 7040 ya tower ni ya wati 240 na haina waya wa kulishia kadi. Fanya hesabu: i5-6500 imepewa kipimo cha wati 65, kadi 75, diski na feni na vinginevyo tuseme 30. Jumla ni 170, unabaki na nafasi ya kupumua. Kwenye SFF ya wati 180 hesabu hiyo hiyo inabana mno. Kwa hiyo raundi ya kwanza tafuta kadi isiyo na plagi ya umeme kabisa.

GTX 1050 Ti ya GB 4, ya 2016, imejaa sokoni na bado inasukuma eFootball na GTA V bila malalamiko. Ila NVIDIA walishatangaza kwamba familia yake, Pascal, haitapata tena draiva mpya za magemu baada ya Oktoba 2025. Zilizobaki ni za usalama tu, hadi Oktoba 2028. GTX 1650 ya 2019 ni kizazi kinachofuata, ina nguvu zaidi kwa wati zile zile 75, na draiva zake zinaendelea. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, chukua 1650. Hakikisha tu ni ile isiyo na plagi, kwa sababu kuna matoleo ya 1650, na hata machache ya 1050 Ti, yanayodai pini 6.

RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka Februari 2024 ndiyo bora kati ya kadi za gemu za NVIDIA za aina hii: wati 70, haina plagi, na ina DLSS (huchora picha ndogo kisha kuikuza ili fremu ziongezeke). Ni ghali kwa mashine ya kizazi cha 6, lakini kwa 7060 inaoana vizuri, na hata ukihama baadaye utaondoka nayo.

Mbili za kuepuka, japo wauzaji wanazisifia. RX 6400 inatumia njia nne tu za PCIe. Kwenye madabodi mpya za PCIe 4.0 haijalishi sana, lakini kwenye Dell hizi za PCIe 3.0 inapoteza kasi waziwazi. Intel Arc A380 nayo inahitaji Resizable BAR (prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo) ili ichangamke, na mashine hizi za mtumba kwa kawaida hazina.

Sasa matapeli. Kuna kadi za zamani sana, za enzi za GTS 450 na GTX 550 Ti, zilizobadilishwa BIOS zijitambulishe kama 1050 Ti. Windows inadanganyika. GPU-Z haidanganyiki: inaandika FAKE mbele ya jina. Kuna pia RX 580 inayoitwa 2048SP, iliyotengenezewa soko la China. Kwa ndani ni sawa na RX 570, kwani RX 580 kamili ina vitengo 2304. Si mbovu, lakini usiilipie bei ya 580.

Na zile zilizochimbia sarafu? Ethereum iliachana na uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022, na lundo la kadi likamiminika kwenye mtumba. Siziogopi. Kadi iliyofanya kazi mfululizo kwenye joto lisilobadilika huwa na feni zilizochoka na pasta iliyokauka, vitu viwili vinavyotengenezeka. Zungusha feni kwa kidole uone kama inakwaruza, kisha omba iwashwe na FurMark, programu ya kuitesa kadi, kwa dakika kumi. Ikileta madoadoa ya rangi, ikizima, au joto likipanda bila kutulia, rudisha.

Hatua ya nne: kufunga

Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma tupu cha keisi. Puliza vumbi ukiwa umezuia feni kwa kidole, isizunguke ovyo.

Anza na prosesa hata kama huibadilishi. Ondoa hitsinki, futa pasta kongwe kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka tone jipya la ukubwa wa punje ya mbaazi katikati, rudisha na ukaze skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Kwa joto la Dar kazi hii ndogo inaleta tofauti utakayoiona kwenye namba.

RAM weka vijiti viwili vinavyofanana, GB 8 kwa GB 8. Kijiti kimoja cha GB 16 kinaiacha prosesa ikivuta data kwa njia moja, na gemu itagandaganda mahali ambapo isingepaswa. Kwenye Dell sloti za jozi ya kwanza zina klipu za rangi tofauti. Tahadhari: RAM za seva zinauzwa rahisi sana na zinafanana kwa sura, lakini zile zilizoandikwa Registered au RDIMM hazitawaka hapa.

SSD ya SATA inafika takriban MB 550 kwa sekunde, wakati diski ya kuzunguka huwa kwenye 100 hadi 150 ikiwa na afya. NVMe ni kasi zaidi, lakini kwa gemu hutaona pengo kubwa kama lile la kutoka diski hadi SSD. Nunua ukubwa kabla ya kasi. GB 500 ndiyo chini, ukizingatia gemu moja inameza 100.

Kadi ingiza kwenye sloti ndefu hadi usikie klipu, kisha kaza skrubu. Halafu, na hili linawapata hata mafundi, chomeka monita kwenye kadi yenyewe, si kwenye bandari ya madabodi.

Hatua ya tano: programu na mipangilio

Sasisha BIOS kutoka tovuti ya Dell au HP kabla ya kuhangaika na skrini nyeusi. Kadi mpya kwenye BIOS ya zamani wakati mwingine haionyeshi kitu. Hakikisha mashine inawaka kwa UEFI (njia mpya ya kuwaka), si Legacy (ya zamani). Sakinisha Windows upya, usirithi ile ya muuzaji: hujui ina nini ndani. Mashine hizi mara nyingi hubeba ufunguo wa Windows Pro kwenye BIOS, na itajitambua yenyewe ukiunganisha intaneti.

Kuna wanaopendelea Linux ili wakwepe suala la Windows 11. Kwa magemu mengi ya Steam ni njia nzuri kabisa, Proton, programu ya Steam ya kuchezesha magemu ya Windows kwenye Linux, imekomaa. Lakini Valorant, Fortnite na EA Sports FC hazichezeki huko kwa sababu ya mifumo yake ya kuzuia udanganyifu.

Weka MSI Afterburner uangalie joto na fremu. Kama monita yako ni ya Hz 60, funga fremu kwenye 60: kadi itapoa, feni zitanyamaza, na hutapoteza kitu. Kwenye kadi ya GB 4 punguza ubora wa nyuso za picha (textures) kwanza, ndiyo inayojaza kumbukumbu ya kadi, vivuli vifuate. Gemu ikiwa na FSR (ya AMD, kazi yake kama DLSS) iwashe; hadi toleo la 3 inafanya kazi kwenye kadi za kampuni zote. Na kama rafiki ana gemu ile ile, Steam tangu 2023 inaruhusu kuihamisha kati ya kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa nyumbani, bila kuchoma bando.

Umeme wa nyumbani

UPS (betri ya dharura) ndogo ya VA 650 huwa ni ya wati 360 hivi, inatosha mashine hii na monita. Haitakuchezesha nusu saa, itakupa dakika za kuhifadhi na kuzima. Usichomeke kompyuta kwenye ekstensheni moja na pasi au jiko.

Kupandisha, na kwa mpangilio gani

Ukiwa na 7040 yenye i5-6500, hatua ya bei nafuu ni i7-6700: soketi ile ile, wati 65 zile zile, na nyuzi (foleni za kazi) nane badala ya nne. Usinunue prosesa ya kizazi cha 8 ukidhani itaingia. Soketi inaitwa LGA1151 kwa zote, lakini madabodi ya kizazi cha 6 na 7 haikubali za kizazi cha 8.

Baada ya hapo utatamani kadi kubwa zaidi, RX 580 au GTX 1660 Super, zinazotaka pini 8. Hapo pawa saplai ya Dell inagoma. Kuna vitu viwili vinauzwa kama suluhisho. Cha kwanza ni waya unaogeuza plagi ya SATA kuwa plagi ya kadi: usiutumie. Plagi ya SATA kwenye volti 12 imepimwa wati 54, wakati pini 6 zinaruhusiwa kuvuta 75 na pini 8 hadi 150, plastiki inayeyuka. Cha pili ni kigeuzi cha kuunganisha pawa saplai ya kawaida ya ATX na madabodi ya Dell, na hiki kinafanya kazi ukihesabu pini za madabodi yako kabla ya kununua, kwa sababu modeli zinatofautiana. Pawa saplai yenyewe iwe ya kampuni inayojulikana, wati 450 hadi 550. Zile nyepesi zisizo na jina, zilizoandikwa wati 600 kwa bei ya chakula cha mchana, zitakuchomea kadi.

Na ikiwa umefika hapo, jiulize kama bado unataka kuilea Dell. Madabodi ya B450 au B550 yenye prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600, ni kituo kinachofuata kwa mtu wa bajeti, na soketi ya AM4 bado inakubali prosesa kubwa zaidi baadaye. Kadi, SSD na pawa saplai ya ATX unahama navyo. RAM yako ya DDR4 nayo itaingia, ila za ofisini huwa za kasi ya 2133 au 2400, na Ryzen hupenda 3200; anza nazo hizo hizo, ubadilishe fedha ikipatikana. Ukinunua B450 ya mtumba, mwulize muuzaji kama BIOS imesasishwa kwa Ryzen 5000, kwa sababu kwenye BIOS ya zamani 5600 haitawaka. Dell nayo irudishie pawa saplai yake ya asili, kijiti kimoja cha RAM na diski yake ya kwanza; ina grafiki ya Intel ndani, kwa hiyo iko kamili kwa ofisi na inauzika siku hiyo hiyo. Ndiyo maana vipande unavyovitoa siku ya kwanza, hata skrubu na kibati cha kuzibia sloti, unaviweka kwenye mfuko mmoja na kuuandika jina.